Mkeo Ametangulia

Malachy Twomey alipeleka barua kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mlango wa kijiji chetu kule Mayo ambao hakuugonga akiwa na neno la kuchekesha mdomoni. Wazee walimngoja dirishani. Mbwa wakali walimlazia mikia. Ukikutana naye kwenye foleni ya mkate, ulirudi nyumbani na habari za watu watano. Lakini mkewe, Noreen, alikuwa na msemo wake: "Huko nje ni redio. Humu ndani betri zimekwisha."

Si kwamba Malachy alikuwa mkali. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Akikasirika alinyamaza, basi. Alinyamaza siku tatu, siku saba, safari moja siku kumi na tisa, huku anakula alichopikiwa na kulala kitanda kimoja na mkewe, asijibu hata akiulizwa kama chai imepoa. Noreen aliita hali hiyo kufunga duka. Tukimwuliza habari za mumewe, angesema, "Leo duka limefungwa, wapendwa," na sisi tukacheka. Aibu yetu, tulicheka.

Mwaka ambao ndoa yao ingetimiza arobaini, Noreen alipiga simu Trim, mji mdogo wenye ngome kubwa kando ya mto Boyne, walikokwenda fungate, na akaweka chumba cha siku tatu mwezi wa sita. Hakumwuliza mumewe. Alikuwa amemwomba safari hiyo miaka ishirini, na miaka ishirini alijibiwa, "Mwakani." Malachy alipojua kwamba chumba kimekwisha kuwekwa, alifunga duka.

Siku ya kumi na moja ya kimya hicho, mwezi wa nne, Noreen alianguka jikoni akafa. Daktari alisema ni moyo. Malachy alikuwa nyuma ya nyumba akipanda viazi. Hivyo ndivyo alivyotuambia kwenye matanga, na ndivyo alivyomwambia binti yao, Gráinne, aliyepanda ndege kutoka Boston kuja kuzika. Hakuongeza neno. Tukadhani ni uchungu tu.

Simu kutoka Trim ililia wiki ya kwanza ya mwezi wa sita.

"Bwana Twomey? Dympna Corrigan hapa, wa nyumba ya wageni. Nataka kuhakikisha tu. Bado mnakuja Jumanne, wewe na mama?"

Malachy alifungua mdomo aseme kweli. Kweli ikagoma.

"Tunakuja," alisema.

*

Alifika saa tisa alasiri, mvua nyembamba ikinyesha na jua likiwaka papo hapo, kama kawaida ya nchi ile. Dympna Corrigan alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni na mashavu mekundu, aina ya mwenye nyumba anayekupokea mkoba kabla hujamtajia jina. Sebuleni alikuwa ameshaandaa birika la chai, skonzi za moto, siagi, na vikombe viwili.

"Ingia, baba, ingia, utaloa bure. Na mama yuko wapi?"

Malachy alivitazama vile vikombe. Angeweza kusema pale pale. Ingemgharimu maneno mawili.

"Yuko nyuma," alisema. "Anakuja."

Alikunywa chake haraka, akasingizia uchovu, akapanda chumbani. Jioni aliposhuka, Dympna alikuwa anaondoa vyombo. Vikombe vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Mkeo anapenda chai nzito," alisema Dympna. "Kama mimi. Tutapatana."

Malachy alifikiri mwanamke yule ana utani wa ajabu, au kikombe kile alikinywa mwenyewe. Alilala na hilo la pili.

Asubuhi alishuka akiwa amekata shauri kusema kweli. Mezani palikuwa na mayai, nyama ya nguruwe ya kukaanga, soseji ya damu na mkate wa magadi uliokuwa bado unafuka moshi. Alivuta pumzi.

"Mama Corrigan, kuhusu mke wangu..."

"Mkeo ametangulia, baba."

Uma ulimtoka mkononi. Akadhani anapewa pole. Kumbe wanajua, alisema moyoni. Habari zimefika hadi huku. Alihisi macho yakimjaa maji kwa shukrani.

"Ahsante," alisema. "Nani alikwambia?"

"Si mwenyewe? Tumepishana kwenye ngazi sasa hivi. Kasema anaiwahi ngome kabla watalii hawajajaa. Na kasema nikupunguzie chumvi, kwamba una presha na hutasema." Alicheka. "Koti lake zuri, jamani. Lile la bluu, lenye kifungo kimoja cheusi."

Koti hilo Malachy alilichagua mwenyewe kabatini. Kifungo cheusi alikishona yeye, usiku wa kuamkia mazishi. Lilikuwa ndani ya jeneza, futi sita chini ya udongo wa Mayo.

*

Hakumaliza chakula. Alishuka barabara inayokwenda ngomeni, kofia mkononi, akijiambia kwamba Dympna amemchanganya na mgeni mwingine. Makoti ya bluu ni mengi. Wanawake wanaowaonea wanaume wao huruma ni wengi pia.

Dirishani pa tiketi alikaa msichana mwenye nywele fupi nyekundu. Alipomwona tu alitabasamu.

"Wewe ndiye Malachy! Usiniambie siye. Kofia ile ile aliyosema."

"Nani aliyesema?"

"Mkeo! Ametangulia. Yaani kanichekesha mpaka nimelia. Eti mlikuja hapa maharusi wapya, ukafukuzwa na bata maji hadi ukapanda juu ya gari la maziwa?"

Dunia nzima watu waliojua habari ya yule bata maji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

Aliingia ngomeni nusu akitembea, nusu akikimbia. Kuta zilikuwa zile zile, mnara ule ule mkubwa wenye pembe nyingi, nyasi zile zile alizowahi kulalia akiwa kijana mwenye mke mpya. Hakukuwa na mtu mwenye koti la bluu. Mtembeza wageni alimwambia kwamba mama mmoja mchangamfu ametoka kwa lango la mtoni. Malachy akatoka kwa lango la mtoni. Mwanamume aliyekuwa akiegemea daraja alisema, ndiyo, wamesalimiana, anaelekea kanisani. Kanisani, mfagiaji alisema amewasha mshumaa na kuondoka. Mshumaa wenyewe ulikuwa umewaka kiasi cha ukucha.

Siku nzima ilikuwa hivyo. Mji wa Trim ni mkarimu, na ulimkaribisha Noreen kama binti aliyerudi. Mwokaji alimpa kipande cha keki aonje. Mwenye duka la sufu alijadiliana naye habari za kufuma hadi wateja wakaanza kulalamika. Kila mahali Malachy alipofika alipokelewa kwa bashasha, akapewa kiti, akaambiwa ana bahati ya mke. Na kila mahali alikuwa amechelewa kidogo tu. Kiti alichopewa kilikuwa bado kina joto.

Saa nne za usiku, wakati mwanga wa kiangazi haujaisha dirishani, alikaa ukingoni mwa kitanda akazungumza na chumba.

"Noreen. Kama ni wewe, sema."

Kimya.

"Umeongea na mji mzima. Niambie na mimi neno moja."

Malachy alisikiliza. Chumba hakikuwa kitupu. Mtu aliyelala na mwenzake miaka arobaini anajua chumba kitupu kikoje. Kulikuwa na mtu pale anayesikia kila neno na asiyejibu. Ukimya huo aliutambua. Ulikuwa wake mwenyewe.

*

Asubuhi ya pili alimkuta Dympna kwenye korido ya chini, akipanga miavuli. Malachy hakuwa amelala. Aliongea haraka, kabla ulimi haujabadili mawazo.

"Mama Corrigan, nisikilize. Mke wangu alikufa. Mwezi wa nne. Nilimzika kwa mikono yangu. Sikukwambia kwa sababu... sijui kwa nini sikukwambia."

Dympna hakucheka. Uwekundu ulimtoka mashavuni taratibu. Lakini hakuwa anamtazama Malachy. Alitazama juu ya bega lake.

"Baba," alinong'ona, "usiyaseme hayo. Si mbele yake."

Malachy hakugeuka.

"Anafanya nini?"

"Amesimama nyuma yako." Sauti ya Dympna ilikuwa karibu kwisha. "Analia."

Akageuka. Aliona ndoano za makoti. Dirisha. Zulia refu, na katika zulia, nyuzi zilizokuwa zimelala zikiinuka polepole, unyayo mmoja, kisha unyayo mwingine, kama nyasi mtu anapokwisha kuzikanyaga.

"Ametoka," alisema Dympna. Alijifanyia ishara ya msalaba. "Ameshika njia ya mtoni. Mfuate, baba. Sijui yeye ni nani sasa, lakini ni mgeni wangu, na hajafurahi."

Malachy alifuata njia inayopita mashambani kando ya Boyne, hadi kwenye magofu ya Newtown. Pale, katika kanisa lisilo na paa, kuna kaburi la kale lenye sanamu mbili za mawe, mume na mke, wamelala chali, na kati yao upanga. Hawagusani. Watu wa pale huacha pini juu yao. Wanasema pini ikishika kutu, chunjua zako zinapona. Kizee kimoja, jina lake Fintan Brogan, kilikuwa kimeinama juu ya kaburi, kikitafuta mahali pa kuiweka pini yake.

"Unamtafuta mama wa koti la bluu," alisema bila kuulizwa. "Pini hii kanipa yeye. Yangu ilianguka kwenye nyasi."

"Alisema nini, mzee?"

"Aliuliza upanga huu ni wa nini. Nikamwambia, tulivyosikia sisi, hawa waligombana mpaka mauti, hata kaburini wametenganishwa." Kizee kilimtupia jicho. "Akasema kwao hakukuwa na upanga. Kulikuwa na mlango wa jikoni tu. Nao haukuwa hata umefungwa."

Malachy alijishikiza kwenye jiwe. Lilikuwa na baridi zaidi kuliko jiwe linavyopaswa kuwa juani.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Lango la Mwangwi, ng'ambo ile. Unajua habari yake? Unasimama pale, unaita, na haya magofu yanakuitikia. Hayajawahi kumnyima mtu." Fintan aliiweka pini yake. "Mwanangu, sijui ulimfanya nini. Ila nenda."

*

Langoni alikuta mama na binti zake wawili. Wasichana walikuwa wanapiga kelele kuelekea ng'ambo ya mto. "Hodiii!" Na magofu yakajibu, hodiii, wazi kabisa, kama kwamba kulikuwa na wasichana wengine wawili kule. Walicheka, wakapiga tena, wakajibiwa tena. Kisha wakamwachia Malachy nafasi, wakaenda zao.

Alishika ukuta kwa mikono miwili.

"Noreen!"

Hakuna kitu. Mto. Nyuki.

"Noreen!"

Hakuna. Sauti yake ilikwenda ng'ambo na haikurudi, kama jiwe lililotupwa kwenye shimo lisilo na chini.

Mara ya tatu haikuwa na nguvu. Ilitoka kama pumzi.

"Noreen."

Magofu yalinyamaza.

Alikaa chini kwenye majani, mzee wa miaka sitini na nane, na akasema kwa sauti jambo ambalo hakumwambia daktari, wala binti yake, wala padri kwenye kitubio.

"Nilikusikia," alisema. "Siku ile. Uliniita mara tatu. Ya kwanza uliniita kama kawaida, nikasema moyoni, aje yeye. Ya pili ilikuwa na hofu. Nikaijua hofu ile, Noreen. Nikasema, namaliza tuta hili. Ya tatu ilikuwa ndogo. Nikamaliza tuta. Nikafuta jembe. Nikakaa kwenye ngazi nikavua viatu, kimoja kimoja, ili usiseme nakuchafulia sakafu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwako. Nimezipima baadaye. Kumi na mbili."

Alilia. Alilia vibaya, kama wanavyolia wanaume waliochelewa kujifunza.

Nyuki walinyamaza. Alilitambua hilo kwanza. Kisha mto.

Kisha, kutoka ng'ambo, sauti zake zikaanza kurudi. Zote tatu. Noreen, kwa nguvu. Noreen, kwa hofu. Noreen, kama pumzi. Zilirudi moja baada ya nyingine, zikisita katikati, kama mtu anayezihesabu.

Kimya tena.

Halafu akaitwa.

"Malachy."

Haikuwa mwangwi. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina hilo. Ilikuwa sauti ya mkewe, ndogo, ya tatu, ile ya sakafuni, na haikutoka magofuni. Ilitoka upande wa pili wa ukuta aliouegemea. Karibu. Angeweza kuusikia mdomo ukifunguka.

Kila mshipa wa mwili ulimwambia akimbie.

"Naam," alisema. "Naam, Noreen. Nipo. Niko hapa."

Akazunguka ukuta mbio. Hakukuwa na mtu. Majani yalikuwa yamelala, mahali pa urefu wa mwanamke. Aliweka kiganja pale. Palikuwa pakavu, na majani mengine yote yalikuwa na maji ya mvua ya usiku.

*

Siku ya tatu Dympna alimfungia mkate wa magadi kwenye karatasi, akambebea mkoba hadi mlangoni. Hakumwuliza ya jana. Usiku huo, alisema tu, alisikia watu wawili wakiongea chumbani, mwanamume akiongea zaidi ya mwenzake, hadi alfajiri.

"Nilikuwa naongea peke yangu," alisema Malachy.

"Sawa, baba." Dympna alitazama gari. Alipunga mkono kwenye dirisha la abiria, akatabasamu. "Karibu tena, mama. Nyumba ni yako."

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Malachy alikikagua, akaingia, akawasha gari. Hawakufika mita hamsini. Kwenye dashibodi taa nyekundu iliwaka na gari likaanza kulia, ting, ting, ting, kama linavyolia abiria akikaa bila kufunga mkanda.

Alisimama kando ya barabara. Aliitazama ile taa kwa muda mrefu. Kisha akajinyoosha, taratibu, kwa heshima, bila kugusa kiti, akavuta mkanda na kuufunga.

Kelele ikakoma.

Kutoka Trim hadi kwetu ni mwendo wa saa tatu kasoro. Malachy aliongea njia nzima. Alipita Mullingar akimweleza jinsi alivyomwona mara ya kwanza kwenye dansi, akaogopa kumsogelea. Alivuka mto Shannon akimwomba radhi kwa zile siku kumi na tisa. Alimwambia jikoni atapaka rangi ile ya manjano aliyoitaka. Alimwambia asubuhi atampelekea chai kitandani, nzito, na atakaa hapo hapo mpaka aimalize. Alikuwa anapanga maisha. Alisema baadaye kwamba hakuwa na furaha kama ile tangu ujana wake, na kwamba hakuthubutu hata mara moja kutazama kushoto.

Kabla ya kufika kijijini kwetu barabara inapanda kidogo, na juu ya kilima hicho ndipo makaburi yalipo. Nyumba ya akina Twomey iko mbele yake, kona moja tu.

Alipokaribia lango la makaburi alisikia mlio mdogo.

Klik.

Ting, ting, ting.

"Hapana," alisema Malachy. "Hapana, mama. Siyo hapa. Nyumbani ni pale. Pale mbele tu."

Alikanyaga breki. Gari likasimama. Mlio ukakatika ghafla, kama unavyokatika abiria anapoinuka.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikuwa natoka kumwagilia maua kwa marehemu mama yangu. Malachy alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili, injini inaunguruma, naye anaita jina la mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, tena na tena, kama mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili. Mkanda wa upande wa abiria ulikuwa umefunguliwa na kurudi mahali pake. Mlango wa upande ule ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Noreen hakuwahi, maisha yake yote, kuubamiza mlango wa gari ukashika.